Vifo Vitano vya Zamoyoni, Fundi Katambuga

Zamoyoni hakuwa mtu wa makuu. Alikuwa fundi wa katambuga, viatu vya matairi visivyojua kuchakaa, na kibanda chake kilikuwa Songwa, kando ya njia iendayo kwenye mgodi wa almasi. Alitoka Kisarawe kwa Wazaramo akiwa kijana, akaja kuomba kazi mgodini, na mgodi ukamkataa siku ya kwanza kwa sababu kila alipovuta vumbi alipiga chafya mpaka kofia ikamdondoka. Mtu mwingine angerudi kwao. Yeye akaona matairi ya malori yametupwa nyuma ya karakana, akaomba moja, akanoa kisu.

Alikuwa na masikio mapana, mke mpole wa sura na mkali wa ulimi aitwaye Mwahija, na binti mmoja, Mwamvua, aliyeolewa Tabora. Alikuwa pia na hofu moja, na hofu hiyo ndiyo iliyomwendesha maisha yake yote. Baba yake alikwenda manamba kwenye mashamba ya mkonge, akafia huko, akazikwa na vibarua wawili waliopewa kazi hiyo kama wangepewa kufyeka majani. Inasemekana waliulizana jina la marehemu, wakalikosa, wakafukia. Zamoyoni alipoletewa habari hiyo alikuwa na miaka kumi na miwili, na tangu siku hiyo alitaka kitu kimoja tu hapa duniani: akifa, azikwe na watu wanaomjua jina.

Ndiyo maana majirani wa Songwa walipounda chama chao cha kuzikana, yeye alikuwa wa tatu kuandikwa. Chama hakikuwa na mambo mengi. Akifa mwanachama, wanaume wanachimba kaburi, wanawake wanateka maji na kupika, na nyumba ya msiba haiwashi moto siku tatu. Zamoyoni alikipenda chama kile kuliko wengine wanavyopenda ngoma. Msiba ukitokea, jembe lake ndilo lililotangulia makaburini. Watu walipofika walimkuta amekwisha pima, amekwisha vunja udongo wa juu, anapiga chafya peke yake.

Mwenyekiti alikuwa Selestine, seremala, Msukuma wa pale pale, na kwa hiyo mtani wake. Anayejua utani wa Wasukuma na Wazaramo hahitaji kuelezwa. Asiyejua aelewe hivi: mtani anaweza kukutukana mbele ya wakweo nawe ukacheka, anaweza kuondoka na jogoo wako nawe ukamsindikiza, na siku ukifa anaweza kuingia kaburini mwako, akalala humo, akakataa kutoka mpaka apewe kitu. Selestine alimwahidi Zamoyoni mara nyingi kwamba atalala kaburini mwake mpaka apewe kibanda kizima. Zamoyoni alifurahi sana kila aliposikia ahadi ile.

Sasa, mwaka uliofuata Uhuru, walikuja Wazungu wa sinema. Walikuja na malori manne, wakapiga kambi kwenye yale majabali upande wa kwendea Kishapu, wakajenga mji wa mbao, turubai na chokaa. Wapita njia walidhani ni misheni. Kumbe ulikuwa mji uliopotea, mji wa watu waliokunywa maji ya chemchemi fulani wakasahau kufa. Mji huo ulihitaji askari arobaini, na askari walihitaji viatu, na fundi viatu wa karibu alikuwa Zamoyoni.

"Mji wenyewe una umri gani?" aliuliza, kupitia kwa mpishi aliyekuwa mkalimani.

"Miaka elfu mbili."

"Na walikuwa na malori?"

Mpishi akamuuliza Mzungu. Mzungu akajibu kwamba hakuna mtu atakayetazama miguu. Zamoyoni akashona jozi arobaini.

Taabu ilianza siku ya vita. Wale askari arobaini, vijana wa Kisukuma wenye miili ya kulima na kucheza ngoma, waliambiwa wengine wao wachomwe mishale, waanguke, walale kama maiti. Walitazamana. Kujilaza maiti ukiwa mzima ni uchuro. Ni kuita kitu ambacho kinajua njia bila kuitwa. Mmoja akauliza, "Na mama akisikia?" Akaweka mkuki chini, akavua katambuga, akaenda zake kuangalia ng'ombe, na wenzake wakamfuata. Jioni hiyo mji usiokufa ulikuwa na askari mmoja tu, naye hakuwa askari. Alikuwa Zamoyoni, amechutama anakaza kamba za viatu vilivyorudishwa.

Yeye hakuwa na mama wa kusikia. Mke alikuwa nyumbani, na mke haambiwi kila kitu. Mzungu alimshika mabega akamwomba kwa macho. Basi akafa.

Alikufa kwa mshale langoni, akiwa na ndevu za katani. Kesho yake wakamnyoa zile ndevu, wakamvika kilemba, akafa kwa upanga ngazini. Siku ya tatu akarushwa kutoka juu ya jabali, akatua juu ya marobota ya pamba yaliyofichwa chini. Siku ya nne akamezwa na mchanga. Siku ya tano mji ukamwangukia, na katika vumbi lile la chokaa, akiwa maiti kabisa, macho yamefumba na mikono imetandazwa, akapiga chafya. Alijuta, akidhani ameharibu kazi. Lakini jua lilikuwa linazama, ukuta wa kuangusha ulikuwa mmoja tu, na Wazungu walikuwa wamechoka. Wakaiacha hivyo hivyo.

Wakafunga malori, wakaondoka. Zamoyoni akarudi nyumbani na shuka jekundu la askari. Mwahija akalifanya kitambaa cha meza, na yeye akaapa moyoni kwamba hatamwambia mtu uchuro ule.

Miaka tisa akakaa kimya. Mwaka wa sabini na moja likaja gari la sinema la serikali. Lilikuja kila baada ya miezi kadhaa, likasimama mbele ya ghala la pamba, likatandika kitambaa cheupe ukutani, na watu wa vijiji vyote wakajaa hapo baada ya magharibi. Kwanza ilionyeshwa filamu ya kunyunyizia pamba dawa. Ikafuata ya vyoo. Kisha yule bwana wa kipaza sauti akatangaza kwamba sasa wataona sinema ya zamani ya Mzungu anayetafuta mji uliopotea, apate siri ya kutokufa.

Zamoyoni alikuwa mbele kabisa na Mwahija, wanakula karanga. Alipoyaona yale majabali, akaacha kutafuna.

"Baba Mwamvua," Mwahija akasema polepole, "yule mwenye ndevu si wewe?"

"Watu wanafanana, Mama Mwamvua."

"Masikio hayafanani."

Mshale ukapigwa. Zamoyoni wa ukutani akaanguka, akafa. Uwanja mzima ukasema "Aah!" na wanawake wawili wakaanza kulia, maana walimjua; ndiye aliyewashonea viatu. Watu waligeuka kumtafuta, wakamwona amekaa palepale na koni yake ya karanga. Wakatulia. Basi, wakasema, ni mchezo.

Lakini baada ya kitambo akatokea tena, na kilemba, akafa kwa upanga. Akarushwa kutoka jabalini, na kamera ikaonyesha nyayo zake hewani, na nyayo zile zilikuwa na mchoro wa tairi la lori ambao kila mtu pale alikuwa nao miguuni mwake. Sasa watu walikuwa wanahesabu vifo kwa sauti. Vitatu! Akamezwa na mchanga. Vinne! Mji ukamwangukia, vumbi likatanda, na maiti, mbele ya watu zaidi ya mia tano wa Kishapu na Songwa, ikapiga chafya.

Hapo hapakukalika. Watu walisimama, wakapiga vigelegele, wengine wakakimbia. Na ukutani yule Mzungu alikuwa amepiga magoti analia, kwa sababu siri ya kutokufa imepotea milele. Mzee mmoja nyuma akashindwa kuvumilia, akampigia kelele: "Mzungu, geuka! Huyo hapo nyuma yako, mwenye masikio!"

Asubuhi Selestine alifika kibandani kabla kuku hawajafunguliwa.

"Mwangaluka, mtani."

"Mwangaluka."

"Nimekuja kwa habari za chama. Nimefikiri usiku kucha. Chama chetu ni cha watu wanaokufa. Wewe unatafuta nini humo?"

Zamoyoni akacheka. Selestine akacheka. Walicheka mpaka wakashikana mikono. Jumapili kwenye mkutano Selestine akarudia maneno yale mbele ya wanachama, na hapo alitarajia kicheko kingine. Hakuna aliyecheka. Mama mmoja akasema kweli, yule amechimba makaburi yetu yote, na sisi la kwake tutalichimba lini? Mwingine akauliza hiyo miaka ya ziada anaitoa wapi, na kama anaitoa kwa wenzake. Karani, kijana mwepesi wa kalamu, akapiga mstari juu ya jina la Zamoyoni ili, alivyosema, daftari liende na hali halisi. Selestine alifungua kinywa aseme alikuwa anatania. Lakini mwenyekiti aliyeleta hoja hawezi kuwa wa kwanza kuikataa, na yeye alikuwa anaupenda uenyekiti. Akakifunga.

Zamoyoni alipopewa habari aliweka kisu chini. Hakukasirika, aliogopa. Aliwaona wale vibarua wawili wa mkonge wanaulizana jina.

Akaenda kwa Maalim Bashiri wa msikitini, akamwomba awaambie watu kwamba yeye atakufa. Maalim akapanda mimbari Ijumaa, akasema kwamba kila aliyezaliwa atakufa, na fundi viatu hakutengwa. Watu wakaitikia vizuri, kisha nje wakaambiana kwamba Maalim hakuwepo kwenye sinema. Selestine, ambaye sasa alikuwa anatafuta njia ya kujinasua, akapendekeza wazike mgomba badala yake, kama wanavyofanya watu wengine mwili ukikosekana, ili vile vifo vitano viwe vimekwisha. Maalim akamtazama. "Mgomba hauswaliwi," akasema. Tena mgomba wenyewe Kishapu utaupata wapi, nchi kavu ile.

Ikawa sasa Zamoyoni anatafuta kuonekana mtu wa kufa. Akaacha kukata mvi. Akaanza kutembea na fimbo. Alipopata malaria alimtuma Mwahija aite majirani waje waone anavyotetemeka, na alitetemeka kwa bidii. Selestine alikuja, akaketi pembeni ya kitanda, akamenya chungwa.

"Jipe moyo, mtani," akamwambia. "Kesho utafufuka."

Na kesho yake, kwa aibu kubwa, Zamoyoni akaamka mzima.

Kilichomaliza kabisa habari ni Marcel. Huyu alikuwa mchimbaji wa dhahabu, mwenye duara lake, yaani shimo la kuchimbia, huko porini upande wa Geita. Alisikia habari Runzewe kwa dereva wa lori, akapanda basi siku mbili, akaja na debe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unataka viatu?"

"Nataka maji uliyoogea. Nikayanyunyize duarani, lisiwaangukie vijana wangu."

Zamoyoni alimfukuza. Mwahija, aliyekuwa na huruma na mgeni wa mbali na hasira na watu wa karibu, alimwita uani akamjazia debe kwa maji aliyooshea vyombo. Marcel akashukuru kwa kusema wabeja sana, neno pekee la Kisukuma alilokuwa nalo, akaondoka na debe kichwani. Duara halikuanguka. Pengine lisingeanguka vyovyote, lakini nani anamsikiliza mtu wa pengine? Mwezi uliofuata walikuja wanne, na madebe manane. Wanachama walipoona wachimbaji wamejipanga mstari kwa fundi katambuga, wakasema haya, mtu anayegawa uhai kwa madebe ndiye wa kuzikwa na sisi?

Mtu mwingine angeacha majembe yao yachimbe yenyewe. Zamoyoni hakuacha. Msiba ukitokea, jembe lake lilitangulia kama zamani. Hakuna aliyemwita, hakuna aliyemkataza. Alichimba kaburi la mama yake Selestine, lililokuwa kwenye mwamba, siku nzima. Alichimba la mtoto wa karani. Wenzake walipofika alisogea pembeni, akapisha, akasimama na jembe kama mtu aliyekuja kuazima moto. Mwahija alikuwa akimwuliza, "Unawachimbia nini watu waliokufuta?" Naye alikuwa anajibu, "Labda wataniona." Miaka kumi na minne akajibu hivyo hivyo. Nami nasema wazi: ilikuwa dhambi, dhambi ya kijiji kizima, na hakuna aliyejua aianzie wapi kuitubu. Selestine ndiye aliyekuwa hajui zaidi ya wote. Utani alioupandisha ulikuwa umemshinda kuushusha.

Zamoyoni alikufa kweli mwaka wa themanini na tano, saa nne asubuhi, ameinamia tairi. Hakupiga kelele wala hakutetemeka. Kisu kilikuwa kimefika nusu ya kisigino.

Mwahija alijifunga khanga, akaenda mwenyewe mpaka kwa Selestine.

"Baba Mwamvua amefariki."

Selestine alikuwa anapiga randa. "Mara ya ngapi hii, mtani wangu?" akauliza bila kuinua kichwa, kwa mazoea tu. Kisha akainua kichwa.

Mwahija alikuwa ameogopa kwamba hawatakuja. Walikuja wote. Songwa haijapata msiba uliojaa kama ule, na sababu ni ya kusikitisha: watu walikuja kutazama. Walitoka Kishapu na Mhunze, wengine na vigoda vyao. Wauza karanga walifika. Kila aliyeiona sinema ile alitaka kuwapo atakapoamka, na asiyeiona alitaka kuwapo zaidi. Maalim Bashiri akaosha, akakafini, akaswalisha, akasema maiti haicheleweshwi. Watu wakaitikia "naam," wakabaki wamekaa. Kaburi lilichimbwa na vijana wa msikitini, taratibu, kila mmoja akitupa jicho upande wa jeneza. Likaisha. Maalim akasema shusheni. Hakuna aliyenyanyuka. Nani atakuwa wa kwanza kumfukia mtu anayejulikana kwa kuamka?

Ndipo Selestine akavua koti, akaingia kaburini, akalala chali.

"Sitoki," akasema. Watu wakacheka, maana huo ni utani na ni haki yake. "Mtani ananichezea. Alikufa kwa mshale, akarudi. Alikufa kwa upanga, akarudi. Kaanguka jabalini, karudi. Kazama mchangani, karudi. Nyumba imemwangukia, kapiga chafya. Hii ya sita siikubali. Sitoki shimoni mpaka aniambie mwenyewe."

Wakacheka tena. Kisha wote wakalitegea jeneza sikio. Upepo ulikuwa umeinua vumbi la kaburi. Lilipita juu ya jeneza, likaingia puani mwa kila mtu. Maalim akapiga chafya. Karani akapiga chafya. Watu wakakodoa macho kwenye jeneza wakingoja.

Jeneza halikupiga chafya.

Selestine akakaa kitako humo humo shimoni. "Basi," akasema. "Basi, jamani, kweli amekufa." Akaanza kulia, mtu mzima, seremala, akilia kwa sauti kama mtoto aliyechapwa. "Nilikuwa natania. Siku ile nilikuwa natania tu, na nyinyi mnajua. Alimchimbia mama yangu kaburi kwenye mwamba, na mimi nikamwacha asimame pembeni."

Mwahija akasogea ukingoni. Mtani hatoki bure, na yeye aliijua mila. Akamtupia jozi ya katambuga, ile ambayo kisigino kimoja kilikuwa hakijamalizika kukatwa. Selestine akavaa humo humo, akanyoosha mkono, akavutwa juu. Wakamshusha Zamoyoni, na safari hii mikono ilikuwa mingi mno mpaka ikawa inagongana.

Matangani Selestine akataka daftari la chama.

"Andika jina lake," akamwambia karani.

Karani alikuwa amezeeka kidogo, lakini kalamu yake ilikuwa ile ile. "Mwenyekiti, haturuhusiwi kuandika mtu aliyekwisha kufa."

"Kifo ndicho alichokuwa amepungukiwa. Sasa anacho. Andika."

Akaandika. Mwahija hakujua kusoma. Akaomba aonyeshwe ni lipi, akaliwekea kidole, akakiacha pale muda. Nyumba yake haikuwasha moto siku tatu, na maji yaliletwa na wake wa wale wale waliomfuta.

Wiki iliyofuata alikufa mama mmoja wa jirani, mwanachama. Wanaume wakabeba majembe, wakaenda makaburini asubuhi na mapema. Walifika wakakuta uwanja mtupu, udongo haujapimwa wala kuvunjwa. Wakasimama. Mmoja akawasha sigara, mwingine akasema jua litapanda. Walisimama hivyo muda mrefu, wakitazama njia, kabla hawajatambua wanamngoja nani.